Samansi ya Askari Melkior

Mwaka ule wa msako wa walanguzi, mtu aliyeonekana na mfuko wa kaki begani alikimbiwa, akidhaniwa mkaguzi wa serikali. Herieli alikuwa na mfuko huo. Akiingia Mutuka au Nangara na baiskeli yake, ambayo matairi yake aliyashindilia nyasi kwa kuwa mipira ya ndani haikupatikana dukani, milango ilifungwa, na wanawake wakakimbilia nyuma ya nyumba kuficha kipande cha sabuni. Ilimbidi apaze sauti, "Mimi ni wa mahakama tu! Nina samansi!" Hapo wengine walifungua. Wengine walizidi kujibanza.

Alikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo pale Babati mjini, mtu wa makamo, mrefu, asiyeweza kukaa kitini kwa muda mrefu. Samansi za mipaka ya mashamba alizipeleka, za ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu alizipeleka, na za wanandoa pia. Lakini siku karani alipomkabidhi samansi ya askari aliyekuwa kambini, aliigeuza mbele na nyuma kana kwamba ingekuwa na jina la mtu mwingine upande wa pili.

"Kambi ile ya ng'ambo ya Bonga?" aliuliza.

"Hiyo hiyo," karani akajibu. "Na usimpe mkononi. Ya askari inapitia kwa mkuu wake."

Aliyefungua shauri alikuwa Martina, binti wa Mama Mektilda wa Mutuka. Aliolewa kanisani na Melkior miezi michache kabla ya vita vya Uganda. Vita vilipoanza Melkior aliandikishwa, akaondoka na mdogo wa Martina, kijana aliyeitwa Aniceti. Vita vikaisha. Habari ya kufa kwa Aniceti ikaletwa na katibu wa kata, maneno mawili matatu tu, na misa ikasomwa bila mwili. Melkior hakufa. Ilisemekana amebaki jeshini, mara yuko Uganda bado, mara amepelekwa Songea. Martina alijiambia kwamba barua zinapotea njiani. Nchi nzima ilikuwa na shida ya mafuta, barua ingefikaje?

Kisha Bernadina, mwanamke wa Bonga aliyeuza maziwa kambini, akamwambia walipokutana sokoni: "Mume wako nimemwona. Kikosi chao kimehamia huku tangu mavuno yaanze. Nimemuuzia maziwa kwa mkono wangu."

Kutoka Mutuka hadi Bonga mtu huenda na kurudi kwa siku moja kwa miguu. Martina alingoja Jumapili ya kwanza, akangoja ya pili. Kila mbwa alipobweka alitoka nje. Mavuno yakapita, kulima kukaanza, naye Melkior hakutokea. Ndipo Martina alipokwenda kwenye baraza la ndoa la kata, na baraza liliposhindwa kumpata mume, akaenda mahakamani kuomba ndoa ivunjwe.

Safari ya kwanza Herieli alisimamishwa mbali na lango. "Simama hapo hapo! Shusha mfuko!" Koplo wa zamu, kijana mnene aliyeitwa Konstantini, alimwambia mkuu wa kikosi amekwenda Arusha. Safari ya pili koplo yule yule alisoma jina la Melkior lililoandikwa juu ya karatasi, bila kuikunjua, akatazama pembeni, akasema, "Hatuna askari wa jina hilo."

Herieli hakubishana. Kusema kweli alifurahi kugeuza baiskeli. Hakupenda pale mahali, hakupenda bunduki zile, na mwanawe mwenyewe alikuwa amekufa kwenye mafunzo ya mgambo, jambo ambalo hakulizungumza na mtu. Aliporudi aliandika nyuma ya samansi kwamba mdaiwa hakupatikana, akamwonyesha Martina, ambaye alikuwa akimngoja nje ya mahakama akitembea huku na huko chini ya ukuta.

"Hayupo, mwanangu. Wamekataa."

"Baba, Bernadina ana macho."

"Huenda alifananisha."

"Basi twende wote. Mimi siwezi kufananisha."

Herieli alikuna shingo. Alitafuta sababu ya kukataa, na kila aliyoipata ilikuwa ya woga. "Njoo asubuhi," akasema.

Walikwenda kwa miguu, baiskeli ikisukumwa kwa kuwa nyasi za matairi zisingebeba watu wawili. Upepo ulikuwa mkali, vumbi la barabara ya Dodoma likawaingia machoni. Martina alitangulia, kisha alisimama kumngoja Herieli, kisha akatangulia tena. Njiani alizungumza sana, kuhusu mbegu, kuhusu bei ya chumvi, kuhusu mbuzi wa jirani. Walipoipita Bonga akanyamaza kabisa.

Langoni alikuwapo Konstantini.

"Mzee, si nilikwambia?"

"Uliniambia," Herieli alisema. "Shikamoo hujanipa, lakini uliniambia. Leo nimekuja kumwona mkuu wa kikosi. Akisema hayupo, nitaandika kwamba yeye ndiye aliyesema."

"Mkuu ana kazi."

"Tutangoja."

Walingoja. Herieli alikaa juu ya jiwe, akainuka, akakaa. Martina hakukaa kabisa. Alikwenda mpaka kwenye mgunga wa barabarani akarudi, akaenda tena, kitenge chake kikipigwa na upepo, mpaka Konstantini akashindwa kuvumilia.

"Dada Martina, hebu kaa basi! Unanitia kizunguzungu!"

Martina alisimama. Akamsogelea mpaka kwenye kizuizi cha lango.

"Jina langu umelijulia wapi?"

Koplo alirudi nyuma hatua moja.

"Mzee Herieli hajaniita kwa jina tangu tufike. Ananiita mwanangu. Wewe umelijulia wapi?"

Konstantini alivua kofia, akaivaa. Alikuwa si mtu mbaya, na hilo lilionekana sasa usoni mwake. "Anataja jina lako usingizini," akasema kwa sauti ndogo. "Tumelala hema moja tangu Masaka. Aliniomba. Alisema yeyote wa Mutuka akija nimwambie hayupo. Angekuwa rafiki yako ungefanyaje?"

"Ningemwambia atoke."

Konstantini aliichukua samansi, akaingia nayo ndani. Alirudi baada ya muda mrefu, akawaambia mkuu ameipokea na ameagiza mhusika aletwe. Wakaingizwa kwenye kibanda cha wageni, chenye benchi moja na meza. Mkuu wa kikosi mwenyewe, meja aliyekuwa na mafua, alipita mlangoni, akamrudishia Herieli karatasi, akamuuliza kama ni ya madeni au ya mke. Alipoambiwa ni ya mke, alitikisa kichwa. "Zungumzeni. Akimaliza kutia sahihi nitaweka yangu."

Melkior alipoingia, Martina hakumtambua mara moja. Aliolewa na kijana mwembamba mwenye kicheko cha haraka. Huyu alikuwa na mvi juu ya masikio, na mkono mmoja aliushika kwa mwingine ili usitetemeke. Alimwamkia Herieli kwa heshima, kisha akabaki amesimama.

"Martina."

"Mimi hapa."

"Mama hajambo?"

Martina alikuwa ameyapanga maneno yake tangu mavuno. Njia nzima alikuwa ameyarudia moyoni. Sasa yote yalimtoka mdomoni kwa pamoja. "Unamuuliza mama? Kutoka hapa mpaka kwa mama ni mbali? Watoto wanafika kwa miguu na kurudi! Nilisema umekufa, nikasema umefungwa, nikasema umeoa huko Uganda. Kumbe unakunywa maziwa ya Bernadina!"

Herieli aliinuka ili atoke, lakini Melkior alimzuia. "Kaa, mzee. Afadhali awepo mtu."

Melkior mwenyewe akaketi mwishoni mwa benchi.

"Mama Mektilda alimkataza Aniceti kwenda," alisema. "Unakumbuka. Alimshika shati kabisa. Mimi ndiye niliyemtoa mikononi mwake. Nikamwambia, mama, mwache, nitamrudisha mimi mwenyewe. Nilicheka niliposema hivyo. Nilidhani vita ni kwenda na kurudi."

Martina aliegemea ukuta.

"Tulipokuwa tukivuka uwanda karibu na Masaka, alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ananiomba maji. Nilimwambia ngoja tufike kwenye miti. Nilipogeuka kumpa, alikuwa amelala." Alisugua magoti. "Nimepewa likizo mara nyingi, Martina. Mara moja nilifika mpaka Babati, nikashuka kwenye lori, nikaanza njia ya Mutuka. Nikauona moshi wa kwenu. Nikarudi. Nitaingiaje pale mikono mitupu?"

Martina alikuwa analia, lakini sauti yake haikulegea. "Mama alimpoteza mwana. Sisi sote tulijua hivyo, tukalia, tukaoga kumaliza matanga. Mimi ulinifanya nimlilie mtu aliye hai. Hukuwa na haki hiyo."

"Sikuwa nayo."

"Ungekuja ukapigwa mawe, ningekaa upande wako."

Melkior aliinamisha kichwa. Kisha akamwomba Herieli amwonyeshe mahali pa kutia sahihi. Mkono ulitetemeka mno. Alijaribu mara mbili, kalamu ikateleza. Herieli hakujua kwa nini alifanya alichofanya, maana hakikuwa sehemu ya kazi yake: aliweka kiganja chake juu ya mkono wa yule askari, akaubonyeza mezani mpaka ukatulia. Melkior akaandika jina lake lote.

"Nikienda kwa mama atanipokea?" akauliza.

"Mimi siyo mama," Martina alisema. "Nenda ukamuulize."

Alikwenda Jumapili iliyofuata, kwa ruhusa ya mkuu wake. Mama Mektilda alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Martina alimwona Melkior kwanza, akija njiani na sare yake iliyofifia, akisimama, akitembea, akisimama. Hakwenda kumpokea. Alibaki mlangoni.

"Shikamoo mama."

Mama Mektilda hakuitikia. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. Melkior akapiga magoti palepale mavumbini, akaeleza yote, bila kujipunguzia. Mama alisikiliza bila kuinua uso. Alipomaliza, mama alitupa kando jiwe alilokuwa nalo vidoleni.

"Nani alimzika?" mama akauliza.

"Mimi na wenzangu wawili."

"Mlimzika na viatu?"

"Na viatu, mama. Nilimfunga kamba mwenyewe."

"Alikuwa na kiu."

"Alikuwa na kiu."

Mama Mektilda aliweka ungo chini. Aliingia ndani akipita pembeni ya binti yake, akatoka na kibuyu cha maji. Hakumpa Melkior. Alimimina yote chini, taratibu, pale mbele ya mlango, akisema kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, maneno ambayo Martina alikuwa hajamsikia akiyasema tangu baba alipozikwa. Kisha akarudi kuchota mengine, na hayo akampa mkwe wake.

"Kunywa," alisema. "Marahaba."

Habari hizo zilienea, na kila mtu Mutuka akasema basi, yamekwisha, Martina ataliondoa shauri. Mapadri walisema hivyo. Herieli pia alidhani hivyo. Siku ya shauri Melkior alifika mapema, sare imepigwa pasi, Konstantini akiwa naye. Hakimu alimuuliza kama ana pingamizi lolote kwa maombi ya mkewe. Melkior akasema hana, kosa ni lake.

Hakimu akamgeukia Martina. "Nasikia amepatana na familia yako. Bado unaomba ndoa ivunjwe?"

Chumba kilikuwa kimejaa. Mama yake alikuwa benchi la nyuma, naye hakumfanyia ishara yoyote.

"Bado, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Sina ugomvi naye tena. Aje kwetu, mama amempokea, na mimi nitamwamkia. Lakini nimesikia mbwa wakibweka miaka yote hii, na kila mara nimetoka nje. Nikikaa naye nitaendelea kutoka nje, hata akiwa ndani. Sitaki tena."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Ndoa ikavunjwa kabla ya mchana.

Nje, Melkior alimshika mkono Mama Mektilda kumsaidia kushuka ngazi, na wale wawili wakashika njia ya Mutuka pamoja, mama akizungumza, yeye akiinama kumsikia. Watu waliwatazama, wakaguna. Herieli alikuwa anafunga mfuko wake kwenye baiskeli. Palikuwa na samansi nyingine za kupeleka, moja ya Nangara.

"Unakwenda nao?" alimuuliza Martina.

Martina aliitazama njia ya nyumbani. Miguu yake ilikuwa inataka kwenda, lakini si huko.

"Nangara nina shangazi," alisema. "Kandida. Hajaniona siku nyingi."

"Njia yetu moja."

Waliondoka. Mwanzo alikwenda mbio kama siku ile ya Bonga, akimwacha mzee nyuma na baiskeli yake. Walipofika kwenye mashamba alipunguza mwendo, na Herieli akamfikia. Wakatembea sambamba, wakizungumza habari za mvua.