Upande wa Nyuma wa Blanketi

Kikao cha chama chetu cha washona mablanketi ya viraka kilikuwa kimekula mchana mzima, na mgeni wa kuja kuzungumza nasi hajapatikana. Mgeni wa mwaka jana alituchosha kwa masimulizi ya safari zake, na nusu ya wanachama hawakurudi. Tungekosea tena, chama kingekufa. Bajeti ilitosha mmoja tu: bingwa maarufu wa ushonaji huo, au shangazi wa mweka hazina wetu, naye mshonaji.

"Bingwa atajaza ukumbi," alisema mwenyekiti, akisugua macho.

"Na atakausha mfuko," alijibu mweka hazina.

Mimi, katibu, nilikuwa nimechoka kuandika na kufuta. Niliwapigia simu wote wawili, sauti ikisikika kwa kila mtu, nikawauliza swali moja: je, tutaruhusiwa kuligeuza blanketi tutazame upande wa nyuma, ambako mshono haufichi kitu?

"Kazi zangu hazishikwi," alisema bingwa.

Shangazi alicheka. "Geuzeni tu, wanangu, ila msinisimange. Huko nyuma nimefumua mpaka kitambaa kikanichukia."

Mwenyekiti alifunika kalamu yake. "Mwandike shangazi, katibu. Twende nyumbani, miguu imekufa ganzi."