Mkuu Asiyesogea

Mwalimu Kivuli hakuwa mtu wa kukata tamaa, hilo mlijue mapema. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu kila ukimwonyesha picha, swali lake ni lile lile: "Kivuli kimeangukia wapi?" Chuo kilipomkabidhi darasa la picha na usanifu, kikampa chumba kilichokuwa stoo ya rangi. Wengine wangenuna. Yeye alijifunga kibwebwe, akasugua sakafu kwa mikono yake, na madoa yaliyogoma kutoka akayafanya somo la rangi.

Shida ilikuwa kamera. Darasa zima lilikuwa na kamera moja, tena kongwe, ambayo flashi yake ilishakufa zamani. Mwanafunzi akiishika asubuhi, zamu yake nyingine labda wiki ijayo, na akiirudia ameshasahau hata pa kubonyeza. Basi Mwalimu akaingia mtandaoni kutafuta, na loo, alipata!

Alipata tovuti yenye kamera ya kwenye skrini. Unaongeza mwanga huku, unapunguza kasi ya kufyatua picha kule, unabonyeza, na dada mmoja aliyeketi kwenye benchi anatoka vizuri, au anatoka giza, au anatoka ameungua kwa weupe. Akapata nyingine inayokupa neno lenye herufi zilizokaa ovyo, uzisogeze mpaka nafasi zilingane, kisha inakutangazia alama zako bila aibu. Ikaja na ya kukisia rangi. Zote ni michezo, zote ni bure. Darasa likachangamka. Watu waliokuwa wanasinzia saa tatu asubuhi wakawa wanagombea kompyuta, na kelele zao zikafika mpaka kwa mafundi seremala.

Bingwa wao alikuwa binti mmoja mpole, waliyemwita Mia kwa kuwa herufi zake zilipata mia kwa mia mpaka wenzake wakachoka kumwonea wivu. Huyu Mia, mkuu wa chuo alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja. Lakini siku ya kwanza mjomba alimwonya: "Chuoni hakuna mjomba." Mia akatii. Akimwona ukumbini, anainamisha macho na kusema, "Shikamoo, Mkuu," kama mtu baki.

Sasa, kelele zile ndizo zilizomleta Mkuu. Alisimama mlangoni, suti imenyooka, mikono nyuma, akawatazama wanafunzi wanavyopiga vigelegele kwa sababu mwenzao amepata tisini na tisa.

"Mwalimu," akasema, "hiki ni chuo au ukumbi wa michezo?"

"Ni chuo, Mkuu. Mcheza kwao hutunzwa."

"Hutunzwa kwa kazi, si kwa gemu. Wachomeleaji wanabanana kule nyuma, na chumba hiki kinawatosha."

Darasa hili ndilo alilolisugulia sakafu, na leo linataka kuondoka hivi hivi. "Tupime basi," akasema. "Tupe kazi ya kweli."

Mkuu akafikiri. "Ijumaa wajumbe wa bodi wanakuja. Nataka bango getini, lenye picha yangu na jina la chuo. Wanafunzi wapige picha, wanafunzi watengeneze bango. Wewe utakaa kwenye kiti na usiguse kitu. Ukigusa kamera, au bango likiwa la kunitia aibu, Jumatatu nawaletea wachomeleaji funguo."

"Tumekubaliana," akasema Mwalimu, kabla moyo wake haujapata nafasi ya kuogopa.

Siku hiyo ya Ijumaa wakaingia ofisini kwa Mkuu. Mwalimu akaketi karibu na mlango, mikono mapajani. Mia alikuwa na kamera, wenzake wawili wakawa na kompyuta tayari. Mkuu akaenda kusimama pale anaposimama siku zote, mbele ya dirisha lake kubwa linaloangalia bustani na majengo mapya. Dirisha lile ndilo fahari yake. Tangu alipopewa ofisi, hakuwahi kupigwa picha mahali pengine. Na hizo picha, jamani! Zilitundikwa ukumbini kwa mstari, na katika kila moja bustani inang'aa vizuri huku Mkuu mwenyewe akiwa mweusi ti, huoni jicho wala pua. Yeye aliwalaumu wapiga picha. Wapiga picha walichukua chao wakaenda zao, maana nani atamwambia?

Mia akapiga. Wakaitazama kwenye kompyuta: bustani safi, Mkuu giza.

"Yale yale," akasema Mkuu.

Mia akaongeza mwanga haraka, vidole vyake havikusita hata kidogo. Akapiga tena. Sasa uso ulionekana, lakini dirisha lote lilikuwa limeungua, na ule weupe ukawa unamla Mkuu mabega na masikio.

"Hapa nimekuwa mzimu," akasema Mkuu.

Mia akapunguza mwanga, akabadili kasi, akapiga. Akarudisha kidogo, akapiga. Jasho likaanza kumtoka juu ya mdomo. Wenzake wakanong'ona, "Jaribu katikati," naye akajaribu katikati, na katikati ikawa mbaya pande zote mbili. Kila akimaliza kupiga aliinua macho na kungoja, na Mwalimu akajua anangoja nini. Binti wa watu alikuwa anangoja alama.

Hapo ndipo Mwalimu Kivuli alipoliona kosa, na likamchoma. Kwenye ile tovuti, dada wa benchi hasogei. Utageuza kila kitufe, lakini yeye yuko pale pale, jua liko pale pale. Wanafunzi wake walikuwa wamejifunza kila kitu isipokuwa jambo moja dogo, kwamba mtu wa kweli unaweza kumwambia ahame. Kosa ni lake yeye mwalimu, si lao. Na sasa alitakiwa kukaa kimya! Vidole vyake vilikamata sketi mpaka ikajikunja.

Mkuu akatazama saa. "Nadhani tumeona ya kutosha, Mwalimu."

"Bado, Mkuu. Ulisema nisiguse, hukusema nisizungumze." Akamgeukia Mia. "Mwanangu, acha vitufe. Kivuli kimeangukia wapi?"

"Usoni kwake."

"Kwa sababu gani?"

"Mwanga unatoka nyuma yake. Dirishani."

"Na dirisha linahamishika?"

Mia akatikisa kichwa. Kisha akaelewa. Akamtazama Mwalimu kwa macho ya kuomba, kama vile kusema, mimi? Nimwambie yeye? Mwalimu hakumsaidia. Alitamani kumsaidia, tena sana, lakini akauma ulimi.

Mia akapiga moyo konde. "Mkuu, naomba usogee."

"Nisogee mimi?"

"Ndiyo. Uje huku, ulitazame dirisha. Usilipe mgongo."

"Binti, miaka yote nasimama hapa."

"Na miaka yote unatoka mweusi!" Likamponyoka. Mmoja wa wale wenzake akajificha nyuma ya kompyuta. Lakini Mia hakurudi nyuma. "Nisamehe. Ila kamera haijui kama wewe ni mkuu. Haijui hata kama ni mjomba wangu."

Mkuu akamtazama mpwa wake, halafu, taratibu, kama mtu anayevuka mtaro usiku, akaliacha dirisha lake. Akaja upande wa pili wa meza, akageuka, na mwanga ukamwagika usoni kwake. Mia hakupoteza muda. Akaweka mwanga, akaweka kasi bila hata kutazama vitufe, maana mikono yake ilikuwa imevigeuza mara nyingi kwenye skrini. Akapiga mara moja tu.

Mkuu akainama kwenye kompyuta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona nimefanana hivi na mama?" akauliza, na sauti yake haikuwa ya ofisini. "Mia, huyu si bibi yako kabisa?"

"Ndiye, Mjomba. Hata mama husema hivyo."

"Mimi sijawahi kuona." Hakumkemea kwa kumwita mjomba.

Bango wakalimaliza kabla wajumbe hawajafika. Walibishana kidogo tu, kuhusu nafasi kati ya herufi mbili za jina la chuo, na Mia akazisogeza kwa jicho, bila wa kumpa alama. Lilipotundikwa getini, mlinzi alilitazama, akamtazama Mkuu, akasema, "Kumbe Mkuu ni mtu mzuri hivi!" Funguo za chumba hazikutajwa tena. Mkuu alimwambia Mwalimu neno moja tu alipopita: "Endeleeni." Wachomeleaji wakaongezewa banda.

Mwingine angesherehekea wiki nzima. Mwalimu Kivuli hakulala vizuri, kwa kujikasirikia kosa lake. Jumatatu wanafunzi walipokimbilia kompyuta, walikuta zimezimwa. Mbele ya dirisha kulikuwa na kiti, na juu yake ameketi Mwalimu, mgongo kwa jua, uso umejaa giza.

"Gemu tutacheza baadaye," akasema. "Kwanza nipigeni picha. Nani anaanza?"

Kamera ikapita mikononi. Huyu akageuza kitufe, yule akageuza kingine, wakatazamana. Mwalimu akangoja, hakutikisika. Walimheshimu mno, na alijua hivyo. Hatimaye kutoka nyuma, kijana mmoja ambaye tangu muhula uanze hajawahi kufungua mdomo, akakohoa.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Sogea."

Mwalimu Kivuli akasimama, akabeba kiti chake, akasogea.