Gaki za Bi Nhan

Mama mkwe wangu, Bi Thoa, alianza kumwonea wivu jirani yetu kwa sababu ya sindano.

Wanawake wa kijiji tulikuwa ukumbini tukishona mapazia mapya. Mama alijaribu kutunga uzi mara nne. Aliulamba, akafumba jicho moja, uzi ukapita pembeni. Bi Nhan, aliyemzidi mwaka mmoja tu, akaichukua ile sindano mkononi mwake na kuitunga mara moja, bila miwani.

"Dada Nhan, macho hayo umeazima wapi?" mmoja akauliza.

"Gaki tu, wadogo zangu. Kila siku sikosi kijiko." Akajipapasa shavu. "Ngozi nayo inafaidi."

Kwetu kila mtu anaijua gaki, lile tunda la miiba lenye nyama nyekundu kama damu. Tunapikia wali wa kunata wa harusi na wa mwaka mpya. Lakini ni Bi Nhan peke yake aliyekuwa na mgaki mkubwa, umetambaa ukutani mwake mpaka ukamwaga matunda upande wetu.

Na kana kwamba hiyo haikutosha, wiki ileile kipaza sauti cha kijiji kikatuamsha alfajiri na maneno ya afya: wazee wale gaki, mboga za kijani na viazi vya zambarau, kwani vina antioksidanti zinazolinda mwili usichakae upesi.

"Anti-nini?" Mama akauliza.

"Dawa ya uzee," baba mkwe akajibu huku akimimina chai. "Ndiyo maana Bi Nhan anang'aa. Mtu anaweza kudhani ni bintiyo."

Mama aliweka kikombe chini, chai ikaruka mezani.

Kuanzia siku hiyo tulikula wali mwekundu. Alinunua gaki sokoni, maana za Bi Nhan asingeziomba hata kwa kufa. Asubuhi wali mwekundu, jioni uji mwekundu, na mayai yakikaangwa, yanakaangwa kwa mafuta ya gaki. Wiki ya tatu mume wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hue, mbona kila siku harusi? Nani anaolewa humu?"

"Muulize mama yako."

"Nani, mimi? Nakula."

Mama mwenyewe alikula zaidi ya sisi sote. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo, kisha akatoka uani kujaribu sindano. Uzi haukupita. Na upande wa pili wa ukuta Bi Nhan alikuwa akiimba huku akichambua mchele, anaokota kijiwe kimoja kimoja.

Siku moja mchana baba mkwe alirudi na gaki mbili. "Kanipa Bi Nhan. Kasema ukinunua za sokoni hupati zilizoiva vizuri. Mwanamke ana roho nzuri yule, na jicho lake kali."

Mama akachukua mundu, akatoka. Nilidhani anakwenda kukata majani ya sungura. Aliporudi, mundu ulikuwa umelowa utomvu. Alinitazama, nami nikamtazama. Nikainamia masufuria yangu.

Baada ya siku tatu mgaki wa Bi Nhan ulinyauka wote. Matunda yalining'inia mabichi, yamelegea. Tulimsikia akilia waziwazi, kwa kuwa binti yake wa mwisho, Quyen, alikuwa anaolewa mwezi uliofuata na gaki zile ndizo alizokuwa amemwekea. Mama siku hiyo hakula kitu.

Halafu viganja vyake vikageuka rangi ya chungwa, na nyayo pia. Baba mkwe akaogopa ini, tukampeleka zahanati. Nesi akacheka kidogo. "Ini lako zima, Bibi. Umezidisha gaki. Ni chakula kizuri, ila kula kama chakula, usile kama unalipiza kisasi." Kisha akammulika machoni na tochi, akaacha kucheka. "Huyu ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Gaki haimwondoi. Unahitaji upasuaji."

Habari hazikai kijijini. Jioni Bi Nhan akaja na kikapu cha machungwa, akaketi.

"Mdogo wangu, usiogope," akasema. "Upasuaji ni dakika chache. Mimi nilifanyiwa mwaka juzi."

Mama akainua uso. "Wewe? Si ulisema gaki?"

"Gaki nakula kweli. Lakini macho ni daktari. Watu walivyoanza kunisifu, niliona haya kuwaambia kwamba nilikuwa nusu kipofu. Nikapenda sifa." Akainama. "Nawe ukawa unateseka na sindano, nami nakutazama. Vibaya nilifanya."

Mama akasukuma kikapu cha machungwa pembeni.

"Dada," akasema, "mgaki wako nimeukata mimi."

"Najua. Nilikuona. Nimekwambia, macho yangu mazuri."

Nikaenda kuchemsha maji yasiyohitajika. Niliporudi, Bi Nhan alikuwa amesimama mlangoni. "Nilitaka kukutukana mbele ya kijiji kizima," alikuwa akisema. "Bado nataka. Lakini wali wa harusi ya Quyen utapika wewe. Sinia kumi. Na gaki utatafuta wewe."

Mama alipasuliwa jicho la kwanza, na Bi Nhan ndiye aliyekaa naye hospitali. Bandeji ilipotolewa, Mama alimtazama kwa muda mrefu, karibu sana, bila adabu.

"Kumbe una makunyanzi!"

"Na wewe unayo, subiri upewe kioo."

Harusini Mama alipika sinia zote kumi, baada ya kuzunguka masoko matatu kupata gaki zilizoiva. Wageni waliusifu wali, naye akasimama wima kama askari. Kisha Bi Nhan akatokea amevaa gauni refu la hariri ya bluu, na baba mkwe akasema, "Loo!"

Mama akanigeukia. "Hue, hariri ile kanunua wapi? Niambie upesi, kabla hajafika hapa."