Maji ya Mchana wa Ramadhani

Tangu mwezi uandame Faudhia alikuwa halali, wala hakuona haja ya kulala. Ah, mwili mwepesi! Alifunga kama watu wote. Daktari alishamwonya: dawa zako haziendani na saumu, kunywa maji, wagonjwa wameruhusiwa. Lakini nani Kasulu angemwona anakunywa mchana asiulize ana nini? Dawa zisubiri Idi.

"Mkwe wangu kapona," mama mkwe wake, Mwanaheri, aliwatangazia majirani. "Anafunga, duka anaendesha." Bibi huyo ndiye aliyemchukua Yasmini, binti wa Faudhia, akakaa naye Kibondo mwaka mzima, pale Faudhia alipofungwa kamba sokoni akiimba na kuvua viatu. Bibi alimrudisha juzi tu, akabaki Kasulu kuwaangalia. Kosa moja, anaondoka tena.

Saa nane mchana duka la vitenge lilijaa watu wa sikukuu, Mwanaheri akisaidia kuuza. Faudhia aliongea na wateja wote kwa mpigo, akateremsha majora, akacheka. Kisha akaangalia chini. Majora yote yalikuwa sakafuni, na hakuna aliyeyaomba. Yasmini alikuwa amejibanza nyuma ya kaunta, macho yamemtoka. Mtoto alikuwa anamwogopa mama yake.

Inakuja. Ile hali ya kumpandisha juu, kisha kumbwaga kitandani wiki nzima bila neno, inakuja tena.

Akatoa kidonge mkobani, akamimina kikombeni maji ya jagi la Yasmini. Duka zima likamgeukia.

Mwanaheri akamdaka mkono, akanong'ona, "We! Sema uko hedhini. Sema, yaishe!"

Lo, uongo mtamu ulioje! Wanawake wangeelewa, Yasmini angebaki. Lakini hedhi ina mwisho wake. Wiki ijayo angesema nini? Faudhia akauchomoa mkono wake.

"Siko hedhini, mama," alisema kwa sauti, machozi yakimtoka. "Mimi ni mgonjwa wa akili. Niliacha dawa ili nionekane mzima. Mtoto ukimchukua, mchukue. Dawa nakunywa."

Akameza. Meno yaligonga kikombe, akanywa nusu, akakiweka.

Wateja wawili walitoka wakisonya. Mwanaheri aliwatazama wakienda, akamtazama mkwewe, kisha akakwapua jagi.

"Nusu kikombe ndiyo nini?" alifoka akikijaza tena. "Aibu umeshatutia, sasa kunywa upone! Na wewe Yasmini, toka huko, njoo umshikie mama yako kikombe."