Nazi ya Hinmenika

Ranhami alikuwa kuhani wa Ayyanayaka, mungu anayelinda bwawa na msitu wa kijiji, kama baba yake na babu yake. Jumatano ile, alipomwona Hinmenika akija kwenye hekalu dogo na nazi mkononi, alijua amefuata laana, ambayo hufungwa kwa kupasua nazi.

Punchirala, mume wa Hinmenika, alikuwa amekwenda msituni kutafuta asali. Pale mpakani alivunja kitawi akakitundika mtini, kumwomba mungu njia, kama tufanyavyo sote. Hatua mia mbele akagusa waya wa bunduki iliyotegewa nguruwe. Waliomfuata walimkuta amekwisha kufa.

Waya ule Ranhami aliujua. Mwanawe wa pekee, Wimalasena, aliusokota barazani huku yeye akimtazama. Siku tisa mzee hakumwambia mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi mzazi huyu akaufunga mdomo wake akajiona ana huruma.

“Polisi wanasema hawajui,” alisema Hinmenika. “Ayyanayaka anajua. Mume wangu alimtundikia tawi, Baba. Nisomee laana.”

“Mwanangu, ikishatoka hairudi. Ngoja kwanza hasira ipoe.”

“Ipoe, kwani uji? Wewe soma. Au mungu wako naye anawaogopa polisi?”

Angeweza kuyavuruga maneno, na mjane asingetambua. Lakini nyuma ya pazia jekundu la hekalu alikuwapo mungu ambaye yeye alimtumikia miaka arobaini, na kwake Ranhami hakuwahi kusema uongo. Alimwonea mwanawe uchungu. Akawasha kipande cha kafuri juu ya nazi mikononi mwa mjane, akaanza.

“Aliyetega bunduki ile, asiione mvua ijayo.”

Hinmenika akainua nazi aipasue.

“Bado,” Ranhami alisema. “Na aliyejua akanyamaza, naye vilevile.”

Mikono ya mjane ikabaki juu. Akamgeukia mzee.

“Hilo la pili sikukuomba.”

“Najua.”

“Na huyo wa kwanza, anakula nyumbani kwako?”

Ranhami aliitikia kwa kichwa.

Hinmenika akakumbuka jinsi Wimalasena alivyobeba jeneza upande wa kichwani, akilia kuliko ndugu wa marehemu. Akaibamiza nazi kwenye jiwe kwa nguvu zake zote. Maji yakamrukia Ranhami miguuni, naye hakusogea.