Vidole vya Dobi

Mashine ya ofisi ya pasipoti ilimkataa dobi mara nne mfululizo. Akiweka kidole gumba, taa nyekundu. Akiweka cha shahada, nyekundu vilevile. Afisa, binti wa umri wa mwanawe, akaushika mkono ule na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Samahani, mama. Unafanya kazi gani?"

"Nafua nguo za watu. Huu mwaka wa ishirini na nane."

"Basi umefua mpaka alama zako. Ngozi imekauka mno, mistari haionekani. Nenda kaitunze, urudi baada ya wiki tatu."

Wiki tatu! Binti yao wa pekee, aliyeolewa nchi ya mbali, alikuwa amebakiza wiki saba ajifungue. Uzazi wa kwanza huo, naye alishasema hataki kushikwa mkono na mtu mwingine ila mama yake. Mume wa dobi, ambaye ni kinyozi, alisimama pembeni na bahasha ya vyeti, akajiambia kuwa kazi hii ni yake. Kama kuna mtu anayeijua ngozi, ni yeye.

Kusema kweli, aliijua ya vichwani tu. Ya mikono alijifunza kwa kukosea. Siku ya kwanza alikamua limau kwenye asali, kwa sababu mteja mmoja alimwapia kwamba dawa ndiyo hiyo. Limau na nyufa, wapi na wapi! Dobi alipiga ukelele hadi jirani akaja mbio kuuliza kama kuna nyoka.

"Kinyozi hajinyoi, hilo nalijua," dobi akamwambia huku akipuliza vidole. "Lakini kwamba humchinja mkewe, hilo ndiyo kwanza nalisikia."

Baada ya hapo kinyozi akatulia, akafuata njia ya pole pole. Alimkataza kushika sabuni, nguo za wateja akazisuuza mwenyewe. Kila jioni aliloweka mikono ya mkewe kwenye maji ya vuguvugu yaliyochanganywa na unga wa shayiri, akaikausha kwa taulo bila kusugua, na kabla unyevu haujaisha akaipaka mafuta ya nazi yaliyoyeyushwa na nta kidogo ya nyuki. Mwisho alimvisha soksi za pamba mikononi.

"Anayetaka ngumi aje," dobi alisema, akikunja soksi zake kama bondia.

Kinyozi akaanza kufunga saluni mapema. Wateja walinung'unika, hakujali. Alipaka kidole kimoja kimoja, taratibu kuliko ilivyohitajika, na walipokuwa wamekaa hivyo dobi alimsimulia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia, kwamba anaogopa kupanda ndege, kwamba tangu mtoto aolewe bado huwa anamwekea sahani mezani kwa kusahau. Kinyozi naye alikuwa na lake, ila hakulitoa. Mkewe angekaa huko miezi sita, na yeye tangu waoane hajalala peke yake katika nyumba ile hata siku moja.

Wiki tatu zilipotimia, asubuhi ya kwenda alimpaka mafuta ya kutosha, tena akaongeza. Kidole kikateleza juu ya kioo cha mashine.

"Mzee, umenikaangia vidole?" afisa akacheka. "Mistari imerudi, naiona kwa macho. Tatizo ni mafuta. Njooni Jumatatu, vidole viwe safi na vikavu. Ikipita Jumatatu, pasipoti haitawahi."

Jumatatu asubuhi kopo la mafuta lilikuwa mezani. Dobi aliketi, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipake."

Kinyozi alimtazama. Pengine amesahau. Tone moja tu, na lawama ingekuwa ya mashine. Binti ana mama mkwe huko, hatakosa mtu. Akafungua kopo, akachovya kidole. Hapo akamwona mwanawe amelala kitandani, anauma meno kwa uchungu, anatazama mlango. Akakifuta kidole chake kwenye suruali, akafunika kopo. Alileta maji ya sabuni kidogo na taulo safi, akasafisha vidole vya mkewe vyote kumi mpaka pembeni mwa kucha.

Mashine iliwaka kijani mara kumi.

Walipotoka nje, kwenye ngazi, dobi akasimama.

"Nilimsikia afisa vizuri, mume wangu. Nilijua hutakiwi kunipaka."

"Sasa ulinyoosha mikono ya nini?"

"Nilitaka kujua kama unataka nibaki. Miaka yote hii hujawahi kusema, ikabidi nikutege. Nimekuona ulivyochovya."

Kinyozi aliinama kwa aibu.

"Na nimekuona ulivyofuta," dobi akaongeza, sauti ikimlainika.

Watu walikuwa wakiwapita na mafaili yao, mmoja akawaomba wasogee kidogo. Kinyozi hakusogea.

"Sitaki uende," akasema. "Lakini nenda. Mtoto anakungoja."

"Sema tena lile la kwanza, nipate la kuondoka nalo."

Akalisema tena, kwa sauti, pale pale kwenye ngazi, na mkewe akalia.