Kurasa za Kufungia Karanga

Mwaka 1968 serikali ya Kireno ilituamuru tuhame Nakoma, mji wetu mdogo ukingoni mwa Mto Msalu, tukakae katika kijiji chenye uzio, tusije tukawalisha wapiganaji wa msituni. Kila mtu abebe mzigo wa kichwani tu. Karatasi zozote walizozikuta, askari walizichoma, wakidhani ni barua za wapiganaji.

Dada yangu Mwanawetu alikuwa na kitabu kikubwa. Humo alibandika, kwa uji wa muhogo, mji wetu wote: nembo za majora ya vitambaa kutoka duka la Shaweji, tangazo la mikate ya Benvinda, picha ya marehemu baba na cherehani yake. Mimi sikujua kusoma, lakini kila duka nililijua kwa rangi ya nembo yake.

"Nyumba zikiungua," alisema, "nani atajua kwamba tulikuwa mji?"

Aliswali. Kisha akaanza kukata uzi ulioshikilia kurasa za kitabu.

"Zainabo, kamwite Joaquina aje na karanga zake."

"Tunahamishwa, wewe unataka karanga?"

"Nenda, mdogo wangu. Maneno utanimalizia njiani."

Joaquina alikuwa akiuza karanga sokoni, akipima kwa kikombe na kumimina kiganjani mwa mteja. Usiku ule tulifungia karanga zake katika kurasa, tukawagawia wanawake wa mtaa, Waislamu na Wakristo.

Kwenye kizuizi cha njiani, askari alimnyang'anya Joaquina kifurushi chake. Kilifungwa kwa picha ya baba. Nilimwomba Mungu moyoni. Askari akatafuna, akaanza kuondoka nacho.

"Bwana, karanga kula," Joaquina alimwambia. "Karatasi niachie."

"Watu wa Nakoma, hata karatasi mnaililia?"

"Sisi ni watu wa biashara, bwana. Hatutupi kifungio."

Askari akacheka, akamimina karanga mfukoni, akamtupia karatasi.

Jioni, katika kijiji kipya, kurasa zote zilirudi, alhamdulillahi. Mwanawetu alipika uji kwa unga kidogo tuliokuwa nao; tukabandika kurasa kitabuni kwanza, uliobaki tukala.

Joaquina alikuja wa mwisho, ameinama. Pichani, bega la baba lilikuwa na doa la mafuta ya karanga.

"Nisamehe, dada. Nimelisugua, halitoki."

"Usilisugue tena," Mwanawetu alisema, akilaza ukurasa mahali pake. "Miaka yote hii sikuwa na karatasi ya biashara yako. Sasa imo."

Joaquina alilitazama doa lile. Kisha akawaita watoto wake waje waone.